Watu Thelathini kwa Asubuhi Moja

Jumatatu, 7 Julai

Tumefika Kisondela. Baridi kali. Ukungu hadi mlangoni. Tuko watatu: mimi Innocent wa takwimu, Hezron wa sosholojia, na Lusungu wa kilimo, mzaliwa wa hapa hapa Rungwe. Swali letu ni moja: kwa nini chemchemi ya kijiji inapungua maji?

Mwalimu wetu, Dokta Pudensiana, ametangaza kwamba tatizo la mazingira halitatuliwi na fani moja, kwa hiyo kila mtu afanye kazi ya mwenzake. Hezron apime maji. Lusungu akae na kompyuta yangu. Mimi, mwenye A tatu za hesabu, nipite nyumba kwa nyumba nikiuliza watu thelathini maswali! Atakayefeli hahitimu Novemba. Mama ameshashona sare ya vitenge, yeye na shangazi zangu saba.

Kuuliza watu. Kazi ya yeyote mwenye mdomo. Hezron atanitambua.

Jumanne, 8 Julai

Nyumba ya kwanza: Mzee Ambindwile. Salamu, dakika ishirini. Akataka kujua kama kwetu Singida kuna ndizi. Nikasema za kuokoteza. Akanionea huruma. Zikaja ndizi za kupika, sahani mbili, kisha chai ya maziwa, kisha parachichi. Nilipoinuka kuaga, nikaambiwa chakula bado. Saa tatu nzima, dodoso moja! Mara thelathini, saa tisini. Nitahitimu nikiwa na kitambi.

Wakati wa kurudi nikamwona Hezron chemchemini na ndoo yake ya kupimia. Hapimi. Amejitwika ndoo ya mama mmoja, Jenifer, anampandishia mlima huku wenzake wakimcheka. Vipimo vya siku nzima: viwili. Maskini.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo. Kwa nini niwafuate watu wakati watu wana miguu? Nimeomba ukumbi wa kijiji. Tangazo limetoka: kila kaya ije kamili, wazee, wana na wake zao, kesho saa tatu asubuhi. Soda kwa kila mtu.

Lusungu akaanza kunieleza habari za nani hukaa na nani. Nikamwambia mabenchi yapo ya kutosha. Akasema si habari ya mabenchi. Nikamjibu takwimu hazina ukoo. Akarudi kwenye kompyuta yangu, ambayo naona ameanza kuielewa. Sijapenda.

Alhamisi, 10 Julai

Wazee kumi na mmoja walikaa mbele. Safi. Wakaja wanawake kumi na tisa, wakachungulia, wakageuka. Wengine wakajibanza nyuma ya ukuta. Jenifer alifika mlangoni, akajifunika kanga usoni, akaingia migombani.

Nikaona ni haya za kawaida mbele ya wasomi. Nikamfuata. Nikamshika mkono, nikamleta ndani, nikamkalisha kwenye nafasi pekee iliyobaki benchi la mbele, kando ya Mzee Ambindwile. Jenifer akainama mpaka magotini. Mzee akasimama, akatazama dari.

"Mwanangu," akasema, "huyu ni mke wa mwanangu. Unanifanyia nini?"

Akatoka. Wazee wote wakamfuata. Jenifer akatoka kwa kupitia dirishani. Soda zimebaki kreti moja na nusu.

Lakini madodoso ninayo! Wazee walikuwa wamejaza mapema: wote kumi na mmoja wanasema mvua zimepungua. Ya wanawake ni matupu, na kompyuta haitaki nafasi tupu. Nimewajazia "Hajui".

Ijumaa, 11 Julai

Lusungu amenieleza, taratibu, kama anamlisha mtoto uji. Kwa mila za Kinyakyusa mke hakai na baba mkwe, hamtazami, hata njia moja hawapiti. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini kwa Mzee Ambindwile bado. Niliona aibu sana. Nikanywa soda mbili.

Hezron naye kaniambia siri, kwa masharti nisiitoe. Kule chemchemini wanawake wamemweleza kila kitu: maji yalianza kupungua tangu mikaratusi, miti inayofyonza maji, ipandwe pale juu. Mikaratusi ni ya Mzee Ambindwile. Jenifer amemwomba jina lake lisitajwe kabisa, la sivyo ndoa yake itaingia matatani.

Hezron ana ndoo na maneno ya wanawake. Mimi nina grafu ya rangi nne.

Jumamosi, 12 Julai

Dokta Pudensiana amefika, nimewasilisha matokeo. Asilimia mia ya wanawake hawajui lolote kuhusu maji. Dokta akauliza nani huchota maji kijijini. Nikasema wanawake. Akauliza inakuwaje mtu achote maji kila siku asijue lolote. Nikasema huo ndio ugunduzi wenyewe.

Lusungu akafungua kompyuta yangu. Rekodi za mvua za miaka ishirini, kutoka shamba la chai la jirani: mvua haijapungua. Nikapendekeza zisahihishwe, kwa kuwa wazee kumi na mmoja wamekataa.

Wenzangu wamefaulu. Mimi nimepewa wiki moja. Nimwombe radhi mzee, kisha nirudie nyumba kwa nyumba, mtu mmoja mmoja, faraghani. Nikishindwa, Novemba niisahau. Moyo ulinishuka hadi kwenye soksi.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada nimekwenda kwa Mzee Ambindwile. Amenisamehe. Akasema mgeni hana kosa, ila ajifunze. Ndizi, sahani tatu.

Jumatatu, 14 Julai

Nimetafakari kwa kina. Kosa halikuwa kuwakusanya watu. Kosa ni ukumbi kukosa pazia!

Nimeshuka Tukuyu mjini, nimenunua shuka nne na kamba, nimekodi kipaza sauti. Wazee kushoto, wake za wana wao kulia, hakuna atakayemwona mwenzake. Mila imeheshimiwa. Mimi nitasimama katikati. Kila mwanamke ataninong'oneza jibu lake sikioni, faraghani kabisa, nami nitalisoma kwenye kipaza sauti pamoja na jina lake, ili wazee nao wapate kuchangia.

Nitaanza na Jenifer. Huyo ana mengi.