Chama Chenu na Kikaango cha Mama Asteria

Kwa Ndugu Katibu,
Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Kazini.

YAH: KUNIRUDISHIA BINTI YANGU KAMA ALIVYOKUWA

Pokea salamu kutoka Geita. Mimi ni mchenjuaji wa dhahabu, mwenye karasha la kusagia mawe na mwalo wa kuoshea mchanga, na ndiye baba mzazi wa Daktari Asteria, anayesomea ubingwa huko Mwanza. Nimesikia mlipita hospitalini kwao mkawahimiza madaktari walio masomoni wajiunge na chama chenu, wasingoje mpaka waote mvi. Kwa himizo hilo ninayo malalamiko, na nayaleta kwa heshima.

1. Nilimpeleka binti akasome udaktari, sikumpeleka chamani. Ukoo wetu una chama chake cha kuzikana, na Asteria ni mwanachama tangu azaliwe. Kina vikao, kina katibu, kina faini kwa anayechelewesha masufuria ya msibani. Mshika mawili moja humponyoka.

2. Zamani akija likizo alipiga goti, akasema shikamoo baba, akaingia jikoni. Pasaka hii alipiga goti vizuri tu, ila nilipompa mkono hakuuachia. Aliukodolea macho, kisha akaniomba ninyooshe vidole. Mtoto anaamkia huku anapima. Nilipomuuliza adabu hiyo kaitoa wapi, akasema wenzake wa chama ndivyo wanavyofanya.

3. Sasa kuhusu kikaango. Dhahabu ikishashikana na zebaki lazima ichomwe, zebaki iondoke na moshi, dhahabu ibaki. Wapo wanaochomea mwaloni, nao huibiwa. Mimi huchomea nyumbani, kwenye jiko la Mama Asteria, kwa kikaango kilekile cha mayai, mlango na dirisha vimefungwa ili jirani yangu Benjamini asijue nimepata nini. Huo ni ulinzi wa mali. Asteria akadai moshi ule tunauvuta sisi tuliomo ndani. Nikamweleza kwamba moshi una akili, hutokea kwenye bati. Akanijibu kuwa chama kina mwongozo. Naomba kuuliza kwa unyenyekevu: huo mwongozo umewahi kupata dhahabu?

4. Mkampandisha jukwaani kwenye mkutano wenu, akawasimulia madaktari wa nchi nzima habari za "mzee mmoja wa Geita" anayemwaga chai. Hakunitaja jina. Mtoto anapigiwa makofi kwa mkono wangu, nami sina hata kiti ukumbini. Shemeji yake Benjamini alikuwa akihudumia chakula pale, habari ikamfikia Benjamini, na sasa mwalo mzima unaniita Mzee Mmoja. Inaniuma.

5. Mkiendelea kuwahimiza, vijana wote walio masomoni wataingia vyamani. Watakutana, watalinganisha wagonjwa, watagundua kwamba mikono inayotetemeka hapa inafanana na inayotetemeka Kahama. Zamani mambo hayakuwa hivyo. Kila daktari alikaa kimya na mgonjwa wake, na kila mgonjwa alijua vizuri jirani gani kamroga. Mimi nimemshuku Benjamini miaka mingi, kwa haki kabisa. Leo nimshuku nani? Mnamgombanisha mtu na kikaango chake.

Kwa hiyo naomba mumfute Asteria uanachama, muwaambie wenzake warudi kwenye madaftari yao, na mnirudishie kikaango, ambacho aliondoka nacho ndani ya begi la nguo akisema anakwenda kuwaonyesha.

Nisalimie mwenyekiti, mweka hazina, na wote waliompigia binti yangu makofi. Mama Asteria anawasalimu pia, ingawa kwa jambo hili yuko upande wenu. Wabeja, asanteni sana.

Ni mimi mzazi mwenye subira,
Pantaleo Maganga.

N.B. Msishangae mwandiko kunyooka. Ameniandikia Mwalimu Deusdedit, kwa kuwa kalamu hainikai tena mkononi. Tulipokuwa tunamalizia barua hii Mama Asteria alituletea chai, na nusu yake ilimwagika kabla haijatufikia. Safari hii haikuwa mikono yangu. Ilikuwa yake, na yeye hajawahi kukanyaga mwaloni hata siku moja, yeye hupika tu. Basi msimfute binti. Mwambieni aje nyumbani, na aje na chama chote. Kikaango bakini nacho.