Vita vya Hamira na Benki Iliyokwenda Semina

Njooni, enyi mliowahi kukatwa bila kuelezwa! Wekeni chini vikombe, zimeni redio, na mwenye kikohozi akohoe sasa amalize, kwa maana habari hii ni nzito na msimuliaji wake hana pumzi ya kuirudia. Nawahadithia Hamira, mwoka mikate, mwanamke wa mikono ya unga na moyo wa moto, aliyepewa jina hilo na mtaa mzima kwa kuwa akikasirika huumuka taratibu, na akishaumuka hakuna mfuniko wa kumzuia.

Hamira alichukua kadi ya mkopo ya benki ili anunue tanuri jipya, na kila mwezi alilipa siku ile ile aliyoagizwa, kwa adabu, kama mtu aendaye kuwasalimu wakwe. Mwezi mmoja akafika kwenye malango ya benki siku ya mwisho ya kulipa, akayakuta yamefungwa mchana kweupe, na kwenye kioo imebandikwa karatasi: "Ndugu mteja, leo hatupo. Tuko kwenye semina ya huduma bora kwa wateja."

Akarudi kesho yake, kabla hata mlinzi hajamaliza kupiga mswaki, akalipa. Lakini lo! Benki ikamtoza ada ya kuchelewa. Kisha riba juu ya ada. Kisha ada ya kumjulisha kwamba ametozwa ada.

Tena haikutosheka. Ikampigia simu mumewe, kinyozi mpole asiyemkata mtu ila kwa bahati mbaya, naye kwa kuwa mikono ilikuwa kichwani mwa mteja, akaipokea kwa spika. "Tunamtafuta mke wako," ikanguruma sauti, "yule mdaiwa sugu!" Kinyozi akashtuka, mashine ikapita njia isiyo yake, na vichwa vyote mle ndani vikageuka, kikiwemo kile chenye barabara mpya katikati. Hata jua halijatua, mtaa wote una habari. Wale waliokula mikate ya Hamira kwa mkopo ndio walioanza kumtazama kwa huruma.

Hapo ndipo alipoumuka.

"Mke wangu," akasihi kinyozi, "lipa tu yaishe. Mwenye nguvu mpishe."

"Mume wangu," akanena Hamira, mwiko ukiwa juu kama upanga, "nikimpisha leo, kesho atapita na tanuri langu kichwani! Pesa ningeisahau. Lakini jina? Niitwe sugu mimi, ambaye nikiazima chumvi kwa jirani nairudisha na kijiko? Wallahi sitalala chali nikanyagwe na watu waliotoka semina!"

Akaiandikia benki. Benki ikamjibu kwamba barua yake imepokelewa kwa furaha, kisha ikanyamaza kama maji mtungini. Basi akapeleka shauri kwa Msuluhishi, yule ofisa aliyewekwa kuamua kati ya mabenki na wateja wao, ambaye neno lake benki haina budi kulitii.

Siku ya pambano ikawadia. Uwanja wa vita ulikuwa chumba kidogo chenye feni inayozunguka kwa manung'uniko, na meza iliyokunjiwa karatasi chini ya mguu mmoja isiyumbe. Msuluhishi alikuwa mama wa makamo mwenye mafua. Kinyozi aliachwa nje kwenye benchi, akila kucha. Na kutoka upande wa adui akaingia wakili wa benki, mrefu kama mlingoti, suti yake imenyooshwa hata ingeweza kusimama bila yeye.

"Mheshimiwa!" akanguruma wakili, akitanua mikono kama tai atuaye. "Mlango kufungwa si udhuru! Angepiga simu! Simu zetu hupokelewa usiku na mchana, kufumba na kufumbua. Asiyepiga simu hana nia ya kulipa!"

"Nilipiga!" Hamira akaruka. "Nilipiga hata sikio likaiva! Nikakanda unga simu iko begani, mikate ikaumuka, ikaokwa, ikauzwa, nao bado wananipigia muziki!"

Msuluhishi akapenga kamasi, akatafakari. "Wakili, hebu piga hapa. Weka spika, tusikie sote."

Wakili akapiga kwa madaha.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," ikasema sauti laini, kisha kinanda kikaanza. Kikalia. Kikalia tena. Chai ya Msuluhishi ikapoa, ikafanya utando. Wakili alitabasamu, mpaka tabasamu likachoka likateremka lenyewe, na mguu wake ukaanza kufuata mdundo bila idhini ya mwenyewe. Kinyozi akachungulia mlangoni, akauliza kama kesi imekwisha na sasa ni sherehe. Akafukuzwa.

Hatimaye, sauti ya binadamu! "Karibu, mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

"Mimi ni wakili wa benki yenu!" akapaza sauti. "Niko mbele ya Msuluhishi!"

"Pole sana, mpendwa. Malalamiko yana kitengo chake. Subiri nikuunganishe."

Na kinanda kikaanza upya, tangu mwanzo.

"Zima," akasema Msuluhishi, akivaa miwani. "Ushahidi umenitosha, na huo wimbo sasa nitalala nao. Benki itarudisha ada zote pamoja na riba, na jina la mama huyu lisafishwe leo hii. Nawe wakili, wafikishie salamu: ile semina haikuwaingia."

Hamira alikuwa na hotuba ya ushindi, ameikariri wiki nzima mbele ya tanuri. Akasimama, akafungua kinywa, na hotuba yote ikayeyuka. "Ahsante, mama," akasema tu, na kufuta macho kwa ncha ya mtandio.

Nje, kinyozi akamkumbatia. "Umewaangusha! Eti, wanarudisha kiasi gani?"

"Shujaa haulizwi bei ya vita," akajibu.

Kwa kweli ilitosha tikitimaji moja. Wakalinunua papo hapo, kabla pesa haijarudi, kwa imani. Kinyozi akalibeba begani kama kichwa cha jitu lililouawa, Hamira akatangulia, kidevu juu. Mpita njia mmoja akawapisha kwenye uchochoro, akidhani ni mtu na mkewe wametoka sokoni. Masikini, hakujua kwamba ni historia iliyompita ubavuni, ikamwambia, "Samahani, ndugu yangu, tikiti lisikuguse."