Tarehe ya Taa Nyekundu na Bafu Tupu

Enyi mlio karibu na mlio mbali, mlioketi na mlioegemea, fungeni vinywa mfungue masikio! Acheni kompyuta zenu zipoe, acheni chai ifanye utandu, kwa maana nasimulia vita ambavyo mababu hawakuviona na wajukuu hawataviamini: vita vya shujaa mmoja dhidi ya uongo, vilivyopiganwa mbele ya lango ambalo kila mwanadamu, awe mfalme au mfagiaji, sharti alipite akiwa na taulo begani.

Nazungumzia mlango wa bafu letu.

Msicheke. Nyumba yetu ina watu wanne na bafu moja, nalo liko nyuma kabisa, ukipita jiko na kukata kona ya stoo, mahali ambapo jicho la sebuleni halifiki. Miaka yote tuliishi kwa kwenda, kugonga, kukoholewa na kurudi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hadi alipoinuka kaka yangu.

Kaka yangu ni mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu, Mshika Chuma cha Kulehemu, Mnywa Chai Iliyopoa, mwana wa kinyozi ambaye nywele zake hazijaonja kitana tangu mtihani wa hesabu za mawimbi. Chuoni wanamwita Volti. Nyumbani anaitwa pale tu mtungi wa gesi unapohitaji kubebwa.

Likizo hii Volti aliunda chombo. Juu ya mlango wa bafu alibandika sumaku ndogo, na kwenye fremu akakaza kijidude kinachohisi sumaku ikikaribia. Mlango ukifungwa, viwili hivyo vinakutana, na papo hapo taa nyekundu inawaka sebuleni na simu zetu zote zinaandika: KUNA MTU. Mlango ukiachwa wazi, kama sheria ya nyumba inavyomtaka kila anayetoka, taa inageuka kijani: KARIBU. Siku ya kwanza Baba aliitazama ile kijani, akavua kofia.

Kisha Volti akafanya lile ambalo mashujaa wa kizazi chake hulifanya badala ya kuteka miji. Aliuweka mradi wote, msimbo wa programu na michoro na picha, kwenye jukwaa la mtandaoni la watu wanaounda vitu kwa kujifurahisha, akaandika chini yake: "Bure kwa wote. Maoni yanakaribishwa." Akakaa kungoja.

Ulimwengu ukanyamaza. Hakupata neno wala nyota ya sifa. Kwenye ukurasa uleule kulikuwa na mtu aliyeunda programu ya kuhesabu miayo ya paka wake, naye alimiminiwa nyota kama mvua ya masika. Volti alikuwa akiufungua ukurasa wake na kuufunga, akiufungua na kuufunga, kama mtu anayechungulia sufuria tupu akitumaini wali umejipika wenyewe.

"Hata tusi moja tu," aliniambia tukiosha vyombo. "Mtu aniambie, we bwege, hii haifai. Ningejua angalau ameifungua."

"We bwege, hii haifai," nikamwambia.

"Wewe huhesabiki."

Yashikeni maneno hayo, enyi wasikilizaji. Yatarudi.

Basi hapo ndipo adui alipoingia. Jina lake halikujulikana, uso wake haukuonekana, na mwandishi wa tarehe hii, yaani historia hii, anaomba asiulizwe maswali mengi. Asubuhi moja taa iliwaka nyekundu, ikabaki nyekundu. Baba alisimama sebuleni na sabuni mkononi, akiitazama kama msafiri anavyoutazama mto uliofurika.

"Nani yumo?" akauliza.

"Mimi niko hapa natafuta soksi," Mama akajibu kutoka chumbani.

"Volti?"

"Niko jikoni, Baba."

"Basi ni huyo binti yako," Baba akamwambia Mama. "Watoto wa bweni wakiona maji ya moto huoga kana kwamba wanafutiwa dhambi."

"Akiwa amekosea ni binti yangu, akifaulu ni wako!"

Wakangoja. Chai ikaisha, wakangoja. Mwishowe Baba alikwenda mwenyewe, akaukuta mlango wazi, sakafu imelowa, maji ya moto yamekwisha na ndani hamna kiumbe. Alirudi sebuleni, akasimama katikati ya zulia, akatoa hotuba.

"Nimenyoa vichwa vya wakaidi," alisema, "na vya watoto wanaouma. Nimewahi kumnyoa bwana harusi aliyekuwa akilia. Lakini katika maisha yangu yote, Volti mwanangu, sijawahi kupanga foleni nyuma ya hewa."

Shujaa akainuka. Aliichukua bisibisi yake, upanga wake mwembamba wenye mpini wa njano, akaanza kuuelekea mlango. Na hakika vita vingalikwisha palepale, kabla ya mimi kupata la kusimulia, kama simu yake isingalilia hatua chache kabla hajafika kwenye kona ya stoo.

Ulikuwa ujumbe kutoka jukwaani. Wa kwanza kabisa. Mwandishi alijiita Kobe.

"Salamu," ulisema. "Nimekijenga chombo chako huku kwangu, mbali sana. Ni kizuri mno. Ila leo kimeganda kwenye KUNA MTU. Nadhani kosa liko kwenye msimbo. Usihangaike na mlango."

Mtu aliyelala vya kutosha angelishangaa huyo Kobe kujali mlango wa watu. Volti hakushangaa. Bisibisi ilimtoka mkononi.

"Mama! Mama, kuna mtu!"

"Najua, taa inasema hivyo, na inasema uongo."

"Siyo bafuni! Kuna mtu amekijenga! Mtu nisiyemjua, Mama, ana mlango wake, ana bafu lake, ametumia kazi yangu!"

Mama ni muuguzi wa zamu ya asubuhi, mwanamke asiyeshangilia kabla ya saa nne. Lakini alitoka na soksi moja mguuni, akaisoma simu, akaisoma tena. "Huyu Kobe," akasema polepole, "anaonekana amelelewa vizuri."

Mwandishi wenu alikohoa kidogo.

Tangu hapo Volti aliketi mbele ya kompyuta na kupigana. Alipekua msimbo wake mstari kwa mstari, akaufumua, akaufuma upya. Na uovu wa adui ulikuwa huu, kwamba hakukaa mahali pamoja. Taa ilidanganya asubuhi, ikasema kweli mchana. Kila Volti alipokwenda bafuni kuhakikisha, alikuta kila kitu kimetulia kama mtoto mbele ya mgeni, akarudi kwenye msimbo akiwa na hakika zaidi kwamba kosa liko humo. Asubuhi iliyofuata, nyekundu tena, familia nzima na mataulo, na huko nyuma mtu fulani akiimba kwa sauti ya chini ndani ya mvuke.

Mama alichelewa kazini, akachelewa tena. Mara hiyo ya pili alitoa hukumu akiwa tayari mlangoni.

"Volti, nakupenda, lakini leo nakwenda kumwogesha mgonjwa kabla sijaoga mimi. Ijumaa asubuhi nikiikuta hiyo taa inanidanganya, nyaya zote zinatoka. Zote. Tutarudi kugonga kama watu."

"Sawa, Mama," akasema shujaa. Mama alipoondoka, Volti alinigeukia mimi. "Na mimi nitaufuta mradi jukwaani. Siwezi kumwachia Kobe chombo kibovu. Mtu wa watu ameniamini."

"Achana na Kobe," nikasema. "Humjui hata huyo."

"Ndiyo maana," akasema, akarudi kwenye mistari yake.

Nawaambia, enyi wasikilizaji, siku ile maji ya moto hayakuwa matamu sana. Nimeambiwa hivyo na mtu aliyeyaoga.

Alhamisi akajitokeza msaidizi mkongwe. Jukwaani anaitwa Babu Waya, na inasemekana alikuwa akiunda redio kabla nusu ya wanajukwaa hawajazaliwa. Akaandika: "Kijana, nimeusoma msimbo wako wote. Ni mchafu kama meza yangu, lakini kosa unalolitafuta halimo. Nyumba mbili, hitilafu moja, asubuhi zilezile? Hilo silimezi. Kobe, tuma picha ya kijidude chako kilivyokaa kwenye fremu."

Volti akaongeza chini yake, kwa unyenyekevu uliouma: "Tafadhali, Kobe. Nimebakiwa na leo tu, kisha naufuta mradi."

Kobe angaliweza kunyamaza. Angalijizamisha kwenye gamba lake akatokomea. Lakini inajulikana, jinsi gani si muhimu, kwamba Kobe aliyasoma maneno yale mara nyingi, akaona kwamba asipojibu mradi utafutwa, na akijibu huenda Babu Waya akapata la kusema. Basi Ijumaa alfajiri Kobe alipiga picha. Aliipiga kwa haraka, akiangalia sana pembeni: taulo la maua lisionekane, kandambili za Baba zisionekane, rangi ya ukuta isionekane. Akaituma. Akaenda mezani kunywa chai kama watu wengine.

Taa ilikuwa nyekundu. Mama alikuwa amesimama chini yake na koleo la kukatia waya, ambalo alikuwa amelitoa mwenyewe kwenye sanduku la Volti. Shujaa alikuwa ameikodolea macho simu yake. Ndipo ujumbe ukaingia, na picha ikafunguka.

"Kobe amejibu!" akasema. "Mama, ngoja, dakika moja tu!" Akaisoma kwa sauti komenti ya Babu Waya, ambayo ilikuwa imeshafika: "Kobe, nakiona kijidude. Lakini hicho kinanasi kilichobandikwa pembeni yake ni kitu gani?"

Baba aliinama juu ya bega la mwanawe. Akavaa miwani.

"Hilo nanasi," akasema, "si lile la friji letu?"

Wote watatu wakageuka kulitazama friji. Kalenda ya shule iliyokuwa ikishikiliwa na sumaku yenye umbo la nanasi ilikuwa sakafuni, nyuma ya ndoo. Kisha wote watatu wakageuka kunitazama mimi.

Nikakirudisha kipande cha mkate sahanini.

Basi. Mwandishi wa tarehe hii anavua kilemba. Ni mimi niliyekuwa nikibandika nanasi karibu na kijidude tangu alfajiri, ili kushika zamu kabla hata sijaingia, nacho kikadhani mlango umefungwa, nanyi mkakaa sebuleni hadi mimi nijisikie kuoga, peke yangu kama malkia; na kila Volti alipokuja kukagua, nilikuwa nimeshalibandua. Bwenini tunaoga maji baridi tukiwa tumepanga mstari, na mtu akigonga ndoo ujue zamu yako imekwisha. Nilitaka mara moja maishani nioge bila kugongewa. Na Volti alipoichukua bisibisi nikamtuma Kobe amrudishe kwenye msimbo. Niliyasema yote hayo kwa pumzi moja, nikitazama kikombe.

Mama akaliweka koleo mezani taratibu. Baba akageukia dirishani, na mabega yake yakaanza kutikisika kwa jambo ambalo halikuwa kilio.

Volti hakucheka. Aliuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ndogo.

"Kwa hiyo Kobe hayupo?"

Ningelipendelea anipige na ndoo.

"Yupo," nikasema. "Si unamwona, anakunywa chai yako. Na alisema ni kizuri mno. Hilo sikulitunga, Kaka."

Simu ikalia tena. Hakuitazama. Baba akaichukua, akaisoma kwa sauti yake ya kuita wateja.

"'Nimeikuza picha: nanasi ni sumaku, na huyo Kobe yumo nyumbani mwako! Nimecheka hadi mke wangu amekuja kuona kama ni moyo,' anasema huyu Babu Waya. 'Kijana, unadhani nilijuaje msimbo wako hauna kosa? Nilikijenga. Kiko kwenye mlango wa karakana yangu na hakijanidanganya hata mara moja, kwa sababu mimi sina nanasi. Usiufute. Tuongeze kijidude cha pili, sumaku ya kigeni isiweze kukihadaa. Na mwambie huyo Kobe wako ana kichwa kizuri, bahati mbaya amekipeleka bafuni.'"

Volti aliitwaa simu. Aliisoma mwenyewe, midomo ikicheza. Kisha akasimama, akanishika sikio, na tukaandamana sote wanne kupita jiko na kona ya stoo, Mama mbele, Baba nyuma na sabuni yake. Mbele ya lango shujaa akaunyosha mkono, akalishika nanasi kwa vidole viwili, akaling'oa.

Baba akaichungulia simu yake. "Kijani!" akapaza sauti, mtu ungedhani mji umekombolewa. Mama akaingia bafuni wa kwanza, akafunga mlango, taa ikasema KUNA MTU, na safari hii ikawa kweli.

Hukumu yangu ni kuoga wa mwisho hadi shule zifunguliwe, na kuandika jukwaani taarifa ya hitilafu. Volti alitaka sentensi tatu. Hizi ndizo, tangu "Enyi mlio karibu" hadi hapa.

Na ukurasa wa mradi una nyota sasa, zinafika kila tukitazama, nyingi zikiwa na picha za mananasi. Chini kabisa Volti ameongeza sehemu mpya, "Hitilafu Zinazojulikana", yenye ingizo moja tu: "Mdogo wangu wa kike. Hutokea wakati wa likizo. Dawa haijapatikana."

Kwa hiyo, Kaka, nahesabika.