Kiingereza cha Dirisha la Tatu

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Kazi mpya. Shule ya sekondari, ghorofa moja, madirisha arobaini na mawili. Kukwangua rangi ya zamani, kupiga msasa, kupaka mikono miwili, yaani rangi juu ya rangi. Mimi nimepewa upande wa nyuma, unaopigwa na jua. Kama kawaida.

Nyapara karudia sheria zake utadhani tumezaliwa jana. Anapita na chaki. Akichora duara kwenye fremu, rudia. Akichora mkasi, ile mistari miwili inayokatana, imepita, usiiguse tena. Miaka thelathini nimepaka rangi na bado nikiona mkasi moyo unatulia.

Mchana binti yangu kanipigia kwa simu ya bibi yake. Yuko mwaka wa mwisho wa sekondari na Kiingereza kinamtoa jasho. Mwalimu wao kasema atakayepata chini ya nusu kwenye mazoezi ya siku hizi hatasajiliwa kwa mtihani wa mwisho. Halafu, kwa ile sauti ya kubembeleza, akasema afadhali yeye ana baba aliyemaliza sekondari.

Kosa la zamani. Miaka tisa iliyopita, siku naondoka, alikuwa na miaka minane. Alining'ang'ania mguu akilia. Nikamwambia nimeitwa kazi kubwa huko mbali kwa sababu nilisoma sana. Ili aniachie mguu tu! Akaniachia. Mimi shule niliishia darasa la sita. Nilidhani atasahau. Mtoto anayesahau kunawa, anayesahau viatu nje mvua inanyesha, hili hakusahau.

Ningeweza kusema ukweli leo. Muda wa maongezi ulikuwepo. Badala yake nikasema: nitajie ukurasa, mama, baba yako yupo.

Akanitajia. Ukurasa wa sitini na moja. Kitabu cha kijani.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Sina la kusema ila kwamba nina bahati! Dirisha la tatu linaangalia darasa la mwaka wa mwisho. Somo la pili, Kiingereza. Na mezani, kila mwanafunzi na kitabu cha kijani!

Mwalimu ni mama mmoja mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Anasoma kwa Kiingereza, kisha akiona nyuso zimeganda anaeleza kwa Kiswahili. Leo kafundisha kauli ya kutendwa. Mtoto kavunja kikombe. Geuza: kikombe kimevunjwa. Na huyo mtoto, akasema, ukitaka unaweza kumwacha nje ya sentensi kabisa.

Nusura nianguke na ngazi. Miaka arobaini na minne naishi duniani, hakuna aliyeniambia mtendaji anaweza kuachwa nje!

Wakasahihisha zoezi la ukurasa wa sitini na moja ubaoni. Nikanakili majibu nyuma ya karatasi ya msasa, herufi moja moja, kama mtu anayechora ramani ya nchi asiyoijua. Saa ya kula nikayatuma kwa ujumbe. Simu yangu ni ya vitufe. Kidole gumba kimevimba.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Tisa kwa kumi! Kanipigia anapiga kelele. Kasema darasa zima limemuuliza nani kamsaidia, akajibu baba. Nilijisikia mrefu. Kisha nikajisikia vibaya, kisha mrefu tena.

Mpango ni huu: nisiondoke dirisha la tatu. Leo nimelipaka mkono wa tatu. Nyapara akauliza kulikoni. Nikasema mbao inakunywa rangi. Akatazama chini akaona dimbwi jeupe sakafuni. Nikaona hapa elimu itafaa. Nikamwambia kwa utulivu: rangi ilimwagwa.

Akauliza na nani.

Fundi bomba, anayefunga masinki varandani, alicheka mpaka akaangusha spana. Huyu jamaa aliwahi kufua mashuka hotelini, basi anajiona balozi. Anajua maneno ishirini ya Kiingereza na kumi na tano ni ya vyakula. Toka leo ananiita Mwanafunzi. Anaita kwa sauti, mbele ya watu. Eti Mwanafunzi, kengele imelia.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Somo: kauli taarifa. Yaani kusema mtu alisema nini bila kumrudisha mwenyewe. Mkono wa nne wa rangi.

Mwalimu kaandika ubaoni sentensi ishirini, mbili kwa kila swali la zoezi ambalo binti yangu naye kapewa, akapita nazo moja moja na chaki nyekundu. Kumi kaziwekea mkasi. Kumi nyingine kaziwekea kialama cha kupinda, kama mguu wa kuku. Nilitaka kuelewa zaidi lakini nikasikia viatu vya nyapara kwenye ngazi. Muda mfupi, lazima kuchagua.

Nani asiyejua mkasi? Nikanakili zenye mkasi.

Fundi bomba alikuwa karibu, kichwa ndani ya kabati la sinki. Kanitolea jicho akaniuliza nina uhakika na hizo alama. Nikamwambia siku nikipata shida ya koki nitamwita. Akasema haya, Mwanafunzi, akarudisha kichwa kabatini.

Nimetuma. Sentensi kumi safi, zilizopita, hazihitaji kuguswa tena.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Hajapiga. Labda bibi yake kaishiwa salio. Labda anasherehekea. Nimeongezewa madirisha sita upande wa jua kwa sababu ya uvivu. Mimi, mvivu! Dirisha moja mikono minne!

Saa kumi na mbili bado hajapiga.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Kapiga. Afadhali asingepiga.

Sifuri. Zile sentensi kumi zilikuwa za makosa. Kila moja. Mwalimu wao kamsimamisha akazisoma moja moja mbele ya wenzake kama mfano wa Kiingereza cha kuogopwa. Wakacheka. Binti yangu, akiwa amesimama vile vile, akasema majibu hayo ni ya baba yake na baba yake alimaliza sekondari. Mwalimu akauliza sekondari gani. Hakujua.

Kwa hiyo aliniuliza. Bila hasira, hilo ndilo lililoniumiza. Baba, ulisoma shule gani?

Nikasema mtandao unakatakata. Nikapuliza kwenye simu. Nikasema haloo, haloo, huku namsikia vizuri kabisa, namsikia hata kuku wa bibi yake. Kisha nikakata.

Nimekaa juu ya debe la rangi hadi jua likazama. Mkasi maana yake kosa. Nilikuwa najua! Darasa la pili nilikuwa najua, daftari langu la hesabu lilijaa mikasi kama duka la fundi cherehani. Lakini miaka thelathini nimefukuzia mkasi wa nyapara, huu mmoja ukafuta ule mwingine. Sikuuliza. Kuuliza kungekuwa kumwuliza fundi bomba.

Kabla ya kukata aliniambia jambo moja. Limebaki zoezi moja, insha ya Jumatatu. Anahitaji sita kwa kumi, la sivyo hasajiliwi.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Mapumziko. Wenzangu wamekwenda kufua. Nimeamua kuungama.

Nimeandika barua tatu nyuma ya msasa. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ilianzia utotoni. Ya pili ilimlaumu nyapara. Ya tatu nzuri sana, maneno mawili tu. Nikaituma kwa binti yangu kwa ujumbe:

Mama, ulidanganywa.

Nikaisoma mara nyingi. Ukweli mtupu, hauna doa, na mimi simo ndani yake. Nilijilaza nikaona nimetua mzigo.

Baada ya dakika tano akajibu. Maneno mawili na yeye.

Na nani?

Kama nyapara! Nikaweka simu chini ya mto. Nikaitoa. Nikaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Nikarudi, maneno bado yapo. Nilifikiria kujibu: na bibi yako. Nikaona haya. Saa kumi na moja jioni nikaandika: na mimi. Niliishia darasa la sita. Nilikuwa nasikiliza dirishani kwenye shule ya watu, nilirudia fremu moja mara nne ili nisikie.

Hakujibu. Ni vizuri ajue. Si vizuri hata kidogo.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Binti yangu anaandika insha peke yake leo. Nilipanda ngazi dirisha la tatu bila sababu yoyote. Mkono wa tano.

Mwalimu akaja kulifunga kwa sababu ya vumbi. Halikufunga. Rangi imelijaza. Akasukuma, akasukuma, kisha akanitazama pua kwa pua. Akaniuliza fundi, hili dirisha limefanywaje. Akasema wiki nzima ananiona, na kwamba ndani kuna kiti nyuma, kitupu, na saa ya kula yeye huwa hana kazi. Kama napenda kujifunza, nikaribie. Hakucheka. Alisema fundi kwa heshima.

Nikamwambia nilikuwa nakagua bawaba.

Kwa nini nilisema hivyo? Kiti kilikuwa pale. Nilikiona. Kina mguu mmoja mfupi, hata ningekitengeneza.

Nyapara kaona mkono wa tano. Kanitoa upande huu kabisa. Kesho naanza jengo la pili. Fundi bomba kanipa mkono, akasema pole kwa kufukuzwa shule.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Mama yangu kapiga yeye mwenyewe, jambo la nadra, huogopa simu. Mjukuu wake kapata nane kwa kumi! Kasajiliwa! Nililia kidogo ndani ya kofia.

Nikauliza insha ilihusu nini. Mama akasema ilimhusu mtu anayepaka dirisha moja bila kumaliza. Kasomewa kwa Kiswahili. Nikauliza imemsema vizuri huyo mtu au vibaya. Mama akasema imemsema alivyo, na mimi nisijifanye simjui.

Kisha binti yangu akashika simu. Nilimwomba anitumie insha. Akasema, Baba, utaifanyia nini? Hutaielewa. Njoo nyumbani nikusomee.

Nikasema mwezi wa sita. Akasema sawa. Aliisema ile sawa kama mtu anayepokea kikombe cha maji bila kuwa na kiu. Mwaka jana pia nilisema mwezi wa sita.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Jengo la pili lina kivuli. Hewa safi. Madirisha makubwa, na ndani kuna chupa, mirija, bango la vijisanduku vyenye herufi moja moja. Maabara ya kemia. Mwaka wa mwisho, somo la tatu. Kitabu chao ni cha bluu.

Mchana binti yangu kapiga. Mwenyewe, bila kuombwa. Hasira zimekwisha, nadhani. Tumeongea mvua, tumeongea goti la bibi yake. Tumecheka. Nilikuwa nimeapa, wallahi nilikuwa nimeapa kutodanganya tena. Kisha akasema, kwa kupita tu, kwamba Kiingereza sasa si kitu, ila kuna kemia, na kitabu chenyewe cha bluu kinamtoa machozi.

Nilitazama dirisha. Lilikuwa wazi.

Nikamwambia asijali, mama, kemia inajulikana.

Kuku wakalia huko kwao. Kisha akauliza, taratibu: na nani, Baba?

Simu ikakatwa.