Gari la Baba Watoto Linanikodolea Macho

Jumatatu, 6 Oktoba

Shajara, pokea salamu za nyumba nzima. Baba Watoto hajambo, ila mguu wa kushoto tangu kiharusi bado umelala. Binti yetu hajambo, anacheka ovyo. Paka hajambo. Gari nalo halijambo, limesimama uani linanikodolea macho. Mwenye jambo ni mimi.

Wifi yangu, dada yake Baba Watoto, kaja. Eti Ijumaa kaka yake asipofika hospitali kwa mazoezi ya mguu, anamchukua akakae kwake. Kaniuliza: gari unalo, leseni unayo, unalifuga? Nikacheka. Moyoni nalia. Teksi Baba Watoto haitaki tena, dereva alimbeba begani kama gunia.

Leseni ninayo kweli. Ujasiri sikupewa. Siku niliyoipata niliingia na gari kwenye kibanda cha fundi viatu. Sijaligusa tena.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata akili! Nitajifunzia jikoni, hakuna wa kumgonga. Baba Watoto kaketi mbele yangu, tunatazamana, anapanga vifuniko vya sufuria sakafuni kwa fimbo yake: hiki klachi, hiki breki, hiki mafuta. Nimekanyaga mpaka jioni. Hakuna aliyekufa. Chakula kimeungua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu! Leo nimeingia garini kwenyewe. Nikakanyaga klachi kwa nguvu zote, nikawasha. Likanguruma, likaruka kama mbuzi, likang'oa kamba ya nguo. Kumbe Baba Watoto alivipanga vifuniko kwa upande wake! Kushoto kwake ni kulia kwangu. Siku zote hizi najifunza gari la mtu aliyenitazama usoni.

Wifi akaingia papo hapo, akakuta shuka limefunika kioo na mimi ndani nasali. Akasema nimfungashie kaka yake nguo kabisa. Baba Watoto aligeukia ukuta. Tangu anioe hajawahi kunipa mgongo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Usiku nimevipanga vifuniko upya kwa upande wangu, na asubuhi nimemfunga Baba Watoto mkanda mwenyewe. Nikamwambia nikifa amwambie dada yake nilijaribu. Akanikumbusha kwamba tumo gari moja.

Gia ya kwanza mpaka hospitali. Honi nyuma kama harusi. Mama mwenye ndoo kichwani akatupita, akatupa pole. Baba Watoto akasema kwa mwendo huu tutafika ameshapona. Kwenye mteremko nilifumba macho. Akaweka mkono wake juu ya wangu. Nikafumbua.

Tumefika! Baba Watoto akashika vyuma vya mazoezi, akasimama, mguu uliolala ukajikokota hatua moja. Nimelia mbele ya wauguzi bila haya.

Nyumbani tukamkuta wifi na begi tupu. Alipotuona tunaingia akaketi chini kizingitini. Akasema nimsamehe, huyo ndiye ndugu pekee aliyebaki naye. Nikamkumbatia. Nikamwambia asihangaike, gari kwangu ni kama mwiko wa ugali tu.

Jumamosi, 11 Oktoba

Tatizo dogo. Gari limeingia uani kichwa mbele, pua inagusa ukuta wa nyuma. Kulitoa ni kinyumenyume, na mimi nisikokuona siendi. Baba Watoto kasema atanifundisha, ni kazi ya asubuhi moja.

Ya nini kumchosha mgonjwa? Nimepata akili! Nimemwita fundi mwashi abomoe ukuta, gari liingie huku litokee kule. Kule ni jikoni kwa jirani. Sijamwambia bado, lakini ni mtu mwelewa.

Shajara, wewe waonaje? Nijibu upesi, fundi anakuja kesho na nyundo.