Malalamiko Kuhusu Nambari Uliyoipa Seva Yetu

Kiwanda cha Tambi za Mchele,
Uchochoro wa 6, nyumba ya 52,
Sa Đéc.
Mwezi wa mwisho wa mwandamo, Tết, mwaka mpya wetu, ikibisha hodi

Kwa Bwana Lương Trí Khiêm, Fundi wa Mitandao, Cần Thơ (mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyekuogesha kwa mikono yangu mwenyewe).

Ndugu Fundi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na umeshiba. Sisi hatujambo. Ila, kwa heshima na taadhima, nalazimika kukuletea malalamiko rasmi kuhusu kazi uliyotufanyia Jumapili ile. Yasome ukiwa umekaa.

1. Nambari nne. Nilikuwa nimesimama nyuma yako na chai yako mkononi wakati unaiwekea seva hiyo, mashine ya kutunza oda zetu, mfumo wa Linux. Mashine yenyewe, kwa adabu zake, ilitaka kujitafutia anwani. Wewe ukaikatalia. Ukanieleza kwamba seva haifai kuhamahama kama mpangaji, lazima iwe na anwani ya kudumu ili kompyuta za oda ziikute palepale kila asubuhi. Hapo hatuna ugomvi. Lakini mtu akiruhusiwa kuchagua mahali pa kukaa daima dawamu, anachagua makaburini? Uliandika 192.168.1.4, kisha ukapokea chai yako. Nne ni nambari ya kifo, Khiêm. Lifti ya lile jengo jipya karibu na soko inatoka ghorofa ya tatu inaingia ya tano, na jengo lile halijasoma chuo kikuu kama wewe.

2. Watu huku wananunua namba ya simu kwa bei ya pikipiki ili mradi iwe na 168 ndani yake, utajiri uwafuate njia nzima. Wewe 168 umeipata bure, tena mwanzoni kabisa, halafu ukaja kuiharibia mwishoni. Hiyo ni sawa na kuchemsha supu ya mifupa tangu alfajiri na kuiongezea maji ya kuoshea vyombo.

3. Mkwaju. Mashine ilipouliza kuhusu mtandao mdogo, ulijaza 192.168.1.0/24. Sisi wa vichochoroni tunaujua mkwaju, kile kistari cha kuinama, tangu utotoni. Nyumba yetu ni 6/52, na mleta barua hajawahi kupotea. Nyumba ya 24 ni ya yule mama wa mabata ambaye hatusalimiani. Kwa nini umeipeleka seva yetu kwake? Ulipoondoka nilimwamuru baba yako mdogo Saba aanze upya aandike 52. Mashine ikakataa katakata, hatukuvuka ukurasa ule. Saba akasema, "Dada wee, inasema hakuna kitu kama hicho." Nikamwambia, "Hakuna vipi, na sisi tunalala humo?" Naomba mashine ielimishwe.

3A. (Kama unavyoona, nambari inayofuata tatu haitaandikwa tena katika barua hii.) Kwa kuwa wewe ulikataa kutupa 68, mkia wa ile 168 ya utajiri, tumejipa wenyewe. Saba ameipa printa 68. Shangazi yako Nane ameipa simu yake 68. Mimi nimeipa 68 kompyuta ya mezani kwangu. Sasa kimoja kikisema, vingine vinanyamaza, na jana printa ilitoa nusu ya oda ikalala. Umewahi kusema mtandao hauruhusu wawili kukaa anwani moja. Huo ni uchoyo. Sisi tumelala sita chumba kimoja na tukakua. Naomba sheria hiyo ibadilishwe, vyote vipewe 68, vigawane kwa upendo.

5. Nimesikia Linux haina mwenyewe, ni mali ya watu wote. Mimi ni mmoja wa watu wote. Nataka kiitishwe kikao.

6. Uliposema, "Shangazi, kama hutaki nambari zangu tafuta fundi mwingine," ukapanda pikipiki na kuondoka, samaki wa chunguni alikuwa bado anachemka. Hukula. Katika nyumba hii hata mkusanya madeni hula kwanza. Sasa umetuma ujumbe kwamba huji kwenye kumbukumbu ya kifo cha baba yako. Mtoto wa pekee wa marehemu asipomwashia udi, nani amwashie? Mimi nitawapikia wageni, lakini kwenye ile nafasi ya mbele ya picha yake siwezi kusimama mimi. Hili limeniuma kuliko yote, ndiyo maana nimeliweka mwisho.

Kwa hiyo nadai nambari ya 68, mkwaju wa 52, na radhi ya maandishi. Mpaka hapo seva imezimwa na kufunikwa shuka.

Nisalimie mkeo, wakwezo wote wawili, mwenye nyumba wako, na yule jirani aliyetuletea maembe.

Wako katika kudai haki,
Shangazi yako, Nne

Baada ya saini: Saba ameisoma barua hii kabla sijaitia gundi. Akanitazama, akasema, "Dada, hivi ulimwuliza mtoto kwa nini?" Kumbe yeye alikuuliza. Kumbe printa uliipa saba kwa sababu inakula na kunguruma kama yeye Saba, na kamera ya mlangoni ukaipa nane kwa sababu, kama Nane, hapiti mtu isimwone. Lango la mtandao ukaliachia moja, kwa kuwa huku kwetu watoto huitwa kwa nambari ya kuzaliwa, kifungua mimba huitwa Mbili, na Moja hapewi mtu. Na seva ni nne kwa sababu, ulimwambia, kila mtu nyumbani akitaka kitu humwendea Nne, naye yuko palepale siku zote.

Nimeitwa Nne tangu kuzaliwa, na waliokufa ni wengine. Nimeona haya, na nimefurahi mpaka Nane akaniuliza nimekunywa nini. Shuka nimeitoa, seva nimeiwasha, 68 zote tumezifuta. Usibadilishe kitu.

Saba anasema mbili, ya baba yako, hukuipa mashine yoyote. Uliiacha wazi. Njoo, mwanangu. Udi nimeshanunua.