Kokoto la Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3
Wiki ya tatu binti yangu yuko kwenye mafunzo ya maigizo, na hajafundishwa hata neno moja la kusema. Wanatembea tu. Nimeenda kuchungulia dirishani mwenyewe. Watu wazima, pekupeku, wanazunguka ukumbi kama kuku waliokosa banda. Mwalimu wao, mama mmoja mwembamba, anawaambia watembee kwa tumbo, mara watembee kwa kidevu. Nani anatembea kwa kidevu? Mtoto huyu nilimfundisha kutembea mimi, bila cheti.

Jumamosi atachaguliwa wa kuigiza mama mkwe. Wamebaki wawili, binti yangu na binti wa fundi cherehani. Fundi ameshaanza kunisalimia kwa huruma.

Jumanne, tarehe 4
Nimemfundisha jikoni. Mama mkwe hushika kiuno na kupayuka, basi. Akasema hapana mama, mwalimu anataka kwanza tujue mtu anaumwa wapi, mwendo unaanzia hapo. Nikamwambia mimi naumwa moyo kwa ajili yako, mbona natembea vizuri? Wifi yangu, tunayeishi naye, akaguna. Kazi yake kuguna.

Jumatano, tarehe 5
Viatu huviacha mlangoni! Nimeokota kokoto, saizi ya harage, nikanyata, nikalitia kwenye kiatu cha kushoto cha binti wa fundi. Sina nia mbaya. Achechemee kidogo tu, mwendo umharibikie. Kugeuka, binti yangu yuko dirishani ananitazama. Nikajifanya nafunga kilemba.

Alhamisi, tarehe 6
Nimedhulumiwa. Yule msichana kalisikia kokoto, na badala ya kulitupa kama mwenye akili, kalifunga kwa kitambaa chini ya unyayo, kaingia nalo ukumbini. Mwalimu kapiga makofi, eti hatimaye mtu kaja na maumivu yake. Kokoto niokote mimi, sifa apate yeye! Fundi kanisimulia yote huku anacheka na pini mdomoni.

Jioni nzima sikukaa kitini. Binti yangu ananitazama tu ninavyokwenda na kurudi.

Ijumaa, tarehe 7
Nimelifuata kokoto langu kule mlangoni. Lilikuwa limerudishwa ndani ya kiatu, limefungwa vizuri. Nimenyata kulichukua: shingo mbele, viwiko nimevibana, hatua mbili nasimama, nageuka. Hakuna aliyeniona, ila binti yangu, na yeye ni damu yangu.

Jumamosi, tarehe 8
Wazazi tumekaa kwenye mabenchi. Binti wa fundi kachechemea vizuri hata bila kokoto, sikatai. Kisha wangu. Shingo ikatangulia, viwiko vimebanwa, hatua mbili akasimama, akageuka, akafunga kilemba. Watu hoi kwa kicheko. Halafu akaweka mkono kifuani, akatazama mlangoni kama mtu anayemwogopea mwanawe. Nikalia mimi.

Mwalimu akauliza mwendo ule kautoa wapi. Akasema kwa mtu wa nyumbani anayempenda sana. Nafasi ni yake.

Lakini nina hasira. Nyumbani wanawake wengine tuko wawili, mimi na wifi, na mimi sitembei hivyo. Nimemwambia wifi ajirekebishe, anatuaibisha mbele za watu. Kacheka mpaka kakaa chini.

Kokoto nimeliosha, nimelifunga kwenye pindo la kanga. Lina baraka lile. Mwezi ujao wanachagua wa kuigiza malkia, na binti wa fundi kanunuliwa viatu vipya. Nimeshauliza ni rangi gani.